Bonde Lililofukiwa: Mwongozo wa Kupima Mvutano Kandokando ya Ziwa Albert

Ukisimama Biiso, juu ya ukingo wa mashariki wa Bonde la Ufa nchini Uganda, unaliona Ziwa Albert chini yako na milima ya Kongo ng'ambo ya maji. Macho yanaishia hapo. Ziwa lenyewe halizidi kina cha mita sitini, lakini chini ya matope yake kuna mashapo yaliyorundikana kwa mamilioni ya miaka, mahali pengine kwa unene wa kilomita tano hivi, ndipo ukutane na mwamba mkongwe wa aina ileile unayoikanyaga pale Biiso. Sakafu halisi ya bonde ilizama, ikafukiwa. Mwongozo huu unakuonyesha namna ya kuitafuta sakafu hiyo kwa kupima mvutano wa dunia, bila kuchimba hata shimo la nguzo.

Nimeuandika kwa mwanafunzi wa jiolojia anayejiandaa kwenda uwandani kwa mara ya kwanza, ila hata msomaji asiyetarajia kugusa gravimita, kifaa cha kupimia mvutano, maishani mwake ataufuata, maana hesabu zake ni za kuzidisha na kutoa. Nimechagua njia ya Masindi, Biiso hadi Butiaba kwa kuwa ina kila adha ambayo mpimaji wa mvutano hana budi kuijua: msitu, genge, ziwa na mpaka wa nchi.

Unapima nini hasa

Mvutano wa dunia haulingani kila mahali. Kwenye ikweta kitu kinachoanguka huongeza kasi kwa mita 9.78 kwa sekunde katika kila sekunde. Kwenye ncha za dunia ni mita 9.83. Wanajiofizikia hutumia kizio kidogo zaidi, miligali, kilichopewa jina kwa heshima ya Galileo. Kwa kizio hicho mvutano wa ikweta, kwenye usawa wa bahari, ni takriban miligali 978,000. Bonde lililojaa mashapo hupunguza makumi machache tu ya miligali hizo, na pango la chini ya ardhi halifikishi hata moja. Ndiyo maana gravimita ya uwandani hutakiwa kusoma hadi miligali 0.01, yaani sehemu moja kati ya takriban milioni mia moja za mvutano wote.

Upungufu huo hutokana na densiti. Mwamba msingi wa Bunyoro, ambao ni nisi na graniti, kwa kawaida huhesabiwa kuwa na gramu 2.67 kwa kila sentimita ya ujazo. Mashapo ya mchanga na udongo wa mfinyanzi yaliyo bondeni ni mepesi zaidi, mara nyingi kati ya gramu 2.2 na 2.4. Pale penye mashapo pana masi pungufu, na penye masi pungufu pana mvutano pungufu. Ukichukua tofauti ya gramu 0.35, kila kilomita moja ya unene wa mashapo hukuondolea miligali 14.7. Ikariri namba hii. Nyingine utazitafuta vitabuni.

Laiti ingekuwa hivyo tu. Gravimita hukupa namba moja, na ndani ya namba hiyo mna mwezi, mna kimo cha mahali uliposimama, mna kilima kilicho nyuma yako, mna joto la miamba iliyo makumi ya kilomita chini ya miguu yako. Ni kama kupima gunia likiwa juu ya lori: gunia utalijua pale tu unapoujua uzito wa lori tupu. Sehemu kubwa ya kazi hii ni kulipima lori.

Kabla ya kutoka

Mstari wako wa vipimo uzikate nyufa kwa pembe mraba, kadiri barabara inavyokubali. Nyufa kubwa za bonde hapa huelekea kaskazini-mashariki, kwa hiyo njia inayoshuka kuelekea kaskazini-magharibi inakufaa. Kosa la wengi ni kuanzia ukingoni, mahali pa kusisimua. Anzia mbali, mashariki ya Masindi, penye mwamba msingi mtupu. Bila kilomita nyingi za mwamba usio na mashapo hutajua kiwango cha kawaida ni kipi, na usipokijua cha kawaida huwezi kudai kwamba bondeni kimepungua.

Huko mbali, kituo kimoja kila baada ya kilomita mbili kinatosha. Ukikaribia ukingo punguza nafasi hadi mita 500, na pale genge linapoporomoka hadi tambarare ya ziwa weka vituo kila baada ya mita 200 au 250. Kanuni ya kichwani ni kwamba nafasi kati ya vituo isizidi nusu ya kina cha kitu kidogo kabisa unachotaka kukiona.

Vibali ushughulikie mapema. Utafiti nchini Uganda huombewa kibali kwa baraza la taifa la sayansi na teknolojia. Ukiwa Tanzania ungekwenda COSTECH, Kenya NACOSTI. Wilayani unaripoti kwa mkuu wa wilaya, na kila kijiji unamwona mwenyekiti wa baraza lake (LC1) kabla hujafungua sanduku. Usiuchukulie huu kuwa urasimu. Eneo hili limeshuhudia watu wakihamishwa na kufidiwa kwa ajili ya visima vya mafuta na bomba linalokwenda hadi Chongoleani, Tanga. Mtu anayesimama kando ya shamba la mihogo na kifaa cha GPS anaeleweka kwa namna moja tu. Eleza kwamba hupimi mipaka, huandiki majina ya wenye mashamba, na wala hakuna fidia itakayofuata. Eleza tena kesho yake, kwa sababu kesho yake watakuja wengine.

Kifaa na tabia zake

Gravimita ya kisasa ni uzani mdogo uliotundikwa kwenye springi. Mvutano ukizidi, springi hunyooka kidogo, ukipungua, hujikunja. Jina utakalolisikia zaidi kwenye vyuo ni LaCoste and Romberg, kifaa cha springi ya chuma kilichotokana na kazi ya Lucien LaCoste na mwalimu wake Arnold Romberg huko Texas katika miaka ya 1930. Siku hizi wengi hutumia Scintrex, CG-5 au CG-6, ambazo springi yake ni ya kwazi na namba hujiandika zenyewe.

Chochote utakachopewa, sheria zake ni chache, nazo ni kali. Kisikose umeme hata usiku, kwa maana ndani yake mna chumba kinachowekwa kwenye joto lisilobadilika, na joto likipotea utasubiri saa nyingi kabla hakijatulia. Kama ni LaCoste, funga uzani kabla ya kukiinua, kila mara, hata ukikisogeza hatua mbili. Garini kikae mapajani mwa mtu au juu ya godoro zito. Barabara ya Biiso kushuka Butiaba si mahali pa kukiacha kikirukaruka nyuma ya pikapu.

Kituoni tafuta ardhi ngumu. Weka kigoda chake cha miguu mitatu, sawazisha kwa pimamaji, kizibie upepo kwa mwili wako au mwavuli, kisha subiri. Soma mara tatu. Namba zikitofautiana kwa zaidi ya miligali 0.02, kuna kitu kinatikisa: lori limepita, au mti ulio karibu unayumba na mizizi yake inaitikisa ardhi. Ipo siku kifaa kitakataa kutulia mahali pote na hutaona sababu. Huenda ni tetemeko kubwa lililotokea upande mwingine wa dunia; kunywa chai.

Springi yoyote huchoka polepole, na usomaji wake husogea hata kama kifaa hakijahama. Dawa yake ni kituo cha msingi. Chagua sehemu ya zege isiyotikisika mjini Masindi, soma hapo asubuhi, rudi usome tena kila baada ya saa mbili au tatu kadiri umbali unavyoruhusu, na umalizie hapo jioni. Ukifika mbali, weka kituo cha msingi cha pili Biiso na ukifunge kwenye kile cha Masindi. Tofauti ya asubuhi na jioni utaigawanya kwa kufuata saa.

Ila kabla ya kuigawanya, toa kwanza mwezi na jua. Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa bamvua. Nguvu ileile inayojaza maji Tanga na Lamu hubadilisha mvutano Masindi, na hata ardhi yenyewe huinuka na kushuka kwa makumi ya sentimita. Kwa jumla mabadiliko hayo hufikia karibu miligali 0.3 kutoka kilele hadi shina, na katika latitudo zetu huwa makubwa. Hesabu yake inajulikana vizuri na CG-5 huifanya yenyewe, mradi umeipa longitudo, latitudo na saa sahihi. Hapa ndipo wengi wetu hujikwaa. Ukiandika daftarini "saa nne", anayekuja kuchakata data atasoma saa 4:00, usiku wa manane, na sahihisho la mwezi litakwenda kombo. Andika 10:00, na ueleze mwanzoni mwa daftari kwamba saa zako ziko saa tatu mbele ya saa ya dunia.

Kimo, kimo, kimo

Ningelazimishwa kutumia fedha zote za safari kwenye jambo moja, ningezitumia kwenye kupima kimo. Ukipanda mita moja unazidi kuwa mbali na kiini cha dunia na mvutano hupungua kwa miligali 0.3086. Papo hapo umeongeza mita moja ya mwamba kati yako na usawa wa bahari, na mwamba huo wenye densiti ya 2.67 unakurudishia miligali 0.112. Kinachobaki ni upungufu wa miligali 0.197 kwa kila mita.

Sasa chukua GPS ya mkononi, au simu yako, inayoweza kukosea kimo kwa mita kumi bila hata kukuaga. Mita kumi ni miligali mbili. Miligali mbili, kwa ile namba uliyoikariri, ni mashapo ya zaidi ya mita 130 ambayo hayapo popote isipokuwa kwenye ramani yako. Kwa hiyo tumia GPS ya wapima ardhi, yenye kipokezi kimoja kilichotulia kwenye alama inayojulikana na kingine unachotembea nacho. Ukipata kimo kwa usahihi wa sentimita tano, kosa lako la mvutano ni miligali 0.01 tu, sawa na uwezo wa gravimita.

Kuna mitego miwili. Budongo ni wa kwanza: barabara inapopita kandokando ya msitu huo, majani huziba setilaiti, na vipokezi hukupa kimo cha uongo kwa kujiamini kabisa. Sogeza vituo hadi penye uwazi, hata kama nafasi kati yake haitalingana. Wa pili ni kwamba GPS hupima kimo kutoka kwenye umbo la kihesabu la dunia, wakati alama za zamani za wapima ardhi hupima kutoka usawa wa bahari, na tofauti ya hivyo viwili ni mita nyingi. Chagua kimoja, tumia hichohicho mwanzo hadi mwisho, na ukitaje kwenye ripoti.

Kutoa lori

Umerudi na daftari lililojaa. Kwanza ondoa athari ya latitudo. Hapa ikweta inakupendelea: kwenye latitudo ya Masindi mvutano hubadilika kwa miligali 0.05 tu kwa kila kilomita unayokwenda kaskazini, ilhali Paris hubadilika karibu 0.8. Kisha sahihisha kimo kwa zile namba mbili nilizozitaja. Ile ya bamba la mwamba inabeba jina la Pierre Bouguer, Mfaransa aliyekwenda Andes katika miaka ya 1730 kupima umbo la dunia na kugundua kwamba milima haivuti kama wingi wake unavyoonyesha. Kinachobaki baada ya hapo huitwa anomali ya Bouguer, na ndiyo utakayoichora.

Bado kuna genge. Hesabu ya Bouguer huchukulia kwamba ardhi ni bapa pande zote. Chini ya ukingo wa Biiso si bapa hata kidogo. Kilima kilicho juu yako kinakuvuta kuelekea juu na hivyo kupunguza usomaji. Bonde lililo chini yako, ambalo hesabu ililijaza mwamba usiokuwepo, nalo limekunyima mvuto uliostahili. Makosa yote mawili yanaelekea upande mmoja, kwa hiyo sahihisho la mandhari huwa ni la kujumlisha siku zote, na karibu na genge hufika miligali kadhaa. Zamani lilifanywa kwa kuweka juu ya ramani karatasi yenye duara zilizogawanywa vyumba, kwa utaratibu uliochapishwa na Sigmund Hammer mwaka 1939. Leo kompyuta hulifanya kwa data za kimo zilizokusanywa na rada ya chombo cha anga cha Marekani mwaka 2000, ambazo ni bure. Ila data hizo hazikioni kijito chenye genge la mita nne kando ya kituo chako. Hicho kichore mwenyewe, palepale uliposimama.

Je, 2.67 ni densiti sahihi kwa eneo lako? Iko njia ya kuijua ambayo L. L. Nettleton aliitoa, naye mwaka 1939. Chagua kilima kimoja kisicho na nyufa, kivuke kwa vituo vya karibukaribu, kisha fanya hesabu ya Bouguer kwa densiti tofauti: 2.4, 2.5, 2.6, 2.7. Densiti isiyo sahihi itaacha picha ya kilima kwenye mchoro wako, ama imesimama ama imepinduka. Ile ambayo kilima kinapotea ndiyo yako. Naipenda njia hii kuliko kukopa namba vitabuni, na mchana mmoja unaitosha.

Sasa tufanye hesabu. Namba hizi ni za darasani, usizinukuu. Tuseme Masindi iko mita 500 juu ya Butiaba, jambo lisilo mbali na hali halisi. Kama ardhi yote ingekuwa mwamba msingi, Butiaba ingesoma zaidi kwa miligali 98. Wewe, baada ya masahihisho mengine yote, unapata zaidi kwa 82. Zimepotea 16.

Zimekwenda wapi? Kama mashapo yamepungukiwa gramu 0.35, unene wake ni mita 1,090 hivi. Kama ni 0.25, unene ni mita 1,520. Kama ni 0.45, ni mita 850. Majibu yote matatu yanaafiki kipimo kilekile. Tena Butiaba iko karibu na ufa, na bamba la mashapo likiishia ghafla, pale pembeni huonyesha nusu tu ya upungufu wake, kwa hiyo huenda unene ni mkubwa kuliko yote matatu.

Bullard na tafsiri iliyokosea

Kabla hujachagua jibu unalolipenda, msikilize Edward Bullard. Mwingereza huyu wa Cambridge alikuja Afrika Mashariki mwaka 1933, akiwa na umri wa miaka 26, akapima mvutano kwa pendulamu katika Kenya, Uganda na Tanganyika. Hakuwa wa kwanza, maana Mjerumani Ernst Kohlschütter alishapima kwa pendulamu Tanganyika ya leo kati ya 1899 na 1900. Lakini Bullard ndiye aliyeitumia kazi hiyo kuuliza bonde limetokeaje. Aliona kwamba juu ya Ziwa Albert mvutano umepungua sana, na mwaka 1936 akachapisha maelezo yake: ganda la dunia linabanwa kutoka pande mbili, na kingo za bonde zimepanda juu ya sakafu yake na kuishikilia chini, kama sivyo miamba hiyo myepesi ingeelea juu. E. J. Wayland, aliyeongoza idara ya jiolojia ya Uganda, alikuwa na wazo la aina hiyohiyo.

Vipimo vya Bullard vilikuwa sahihi. Maelezo ndiyo yaliyokosea. Leo tunajua kwamba Bonde la Ufa linapanuka. GPS huonyesha pande zake zikiachana kwa milimita chache kila mwaka, na upungufu ule unaelezwa vizuri na mashapo mepesi yaliyojaa bondeni. Mvutano ulisema tu kwamba hapa masi imepungua. Haukusema imepunguaje wala kwa nini. Kijana mmoja mwerevu kupindukia, ambaye baadaye angekuwa miongoni mwa wanajiofizikia wakubwa wa karne yake, aliusemea.

Hivyo basi usiuache mvutano useme peke yake. Mwaka 1938 kilichimbwa kisima karibu na Butiaba, Waki B-1, kikafika kina cha zaidi ya mita 1,200. Kumbukumbu za kisima cha namna hiyo, zikikuonyesha mwamba msingi ulianzia wapi, zina thamani kuliko vituo hamsini vya gravimita: unaujua unene, kwa hiyo tofauti ya densiti unaikokotoa badala ya kuikisia, na kuanzia hapo unasogea na namba hiyo kuelekea ziwani. Uganda yenyewe ilikwenda hatua kwa hatua. Ndege zilipima usumaku wa bonde zima mwaka 1983, vipimo vya mvutano vya ardhini vikafuata, kisha mitetemo ya kutengenezwa, na mafuta ya kuchimbika kibiashara yakathibitishwa mwaka 2006. Hakuna aliyetoboa kwa kuamini ramani ya mvutano pekee.

Hata hivyo kuna kitu kimoja ambacho mvutano hausiti kukisema. Chanzo cha kina kirefu hakiwezi kutoa badiliko la ghafla juu ya ardhi. Kwa umbo la tufe, kina cha kitovu chake ni takriban mara 1.3 ya umbali kutoka kilele cha anomali hadi mahali inapofikia nusu. Kwa hiyo mchoro wako ukiporomoka miligali kumi ndani ya kilomita mbili, usikubali maelezo yoyote yanayokupeleka kilomita thelathini chini. Na mahali unapoporomoka kwa ukali zaidi, weka kidole: ufa mkuu uko hapo karibu, hata kama juu ya ardhi ni shamba la pamba tu.

Ng'ambo

Mstari unaoishia Butiaba una mguu mmoja. Uwanda mzima wa Afrika Mashariki una anomali ya Bouguer iliyo chini ya sifuri kwa zaidi ya miligali mia, kwa sababu umeinuliwa na miamba ya moto iliyo chini ya ganda. Hilo ni bakuli pana sana ambalo bonde lako ni tone ndani yake. Kuliondoa hilo bakuli unahitaji mwamba msingi wa pande zote mbili, ili upitishe mstari laini kutoka huku hadi kule na kuuona upungufu wa katikati. Hali ya usalama ya Ituri ikiruhusu, vituo hata kumi upande wa Kasenyi na Bunia vitakufaa kuliko hamsini zaidi upande wa Masindi, na huko Kiswahili chako kitakufikisha popote.

Isiporuhusu, tumia mifano ya dunia nzima iliyotokana na setilaiti za GRACE, zilizorushwa mwaka 2002, na GOCE, iliyofanya kazi kati ya 2009 na 2013. Kituo cha GFZ Potsdam kinaitoa bure. Setilaiti hazioni chochote chembamba kuliko kilomita themanini hivi, na Ziwa Albert lina upana wa takriban thelathini, kwa hiyo usizitumie kutafuta bonde. Zitumie kulipata bakuli.

Ziwani penyewe, ikweta iliyokupendelea kwenye latitudo inakudai. Mashua ikielekea mashariki inaongeza mzunguko wake juu ya ule wa dunia na mvutano unaopimwa hupungua. Ikielekea magharibi huongezeka. Kwa kasi ya kilomita 10 kwa saa tu, badiliko hilo hapa ni miligali 40, sawa na bonde zima unalolitafuta. Jina lake linatokana na Mhungaria Loránd Eötvös. Kama huna gravimita ya majini yenye jukwaa lisiloyumba na GPS inayopima kasi kwa usahihi mkubwa, achana na mashua. Kifaa cha kushushwa hadi sakafu ya ziwa hufanya kazi vizuri zaidi, kwa kuwa maji hayana kina, ila itakubidi usahihishe maji yaliyo juu yake.

Kwenye kompyuta huhitaji programu ya kununua. GMT itakuchorea ramani, na Harmonica, iliyo katika familia ya Fatiando a Terra, itakufanyia masahihisho na hesabu za maumbo yaliyofukiwa. Anza na umbo sahili kabisa: sakafu moja, nyufa mbili, densiti mbili. Ongeza kona pale tu ambapo kipimo kinakulazimisha. Nimeona michoro yenye matabaka saba, kila moja na rangi yake, inayopita juu ya vituo vyote bila kukosea hata kimoja. Huo ni ushonaji, maana vituo ishirini haviwezi kujua matabaka saba.

Ukihamia Kenya, usibebe matarajio ya Albert. Kwenye mhimili wa Bonde la Ufa la Kenya, katikati ya upungufu mpana, mvutano hupanda badala ya kushuka, kwa sababu miamba mizito ya volkano imejipenyeza ndani ya ganda, na ganda lenyewe, kama vipimo vya mitetemo vya mradi wa KRISP vilivyoonyesha, limekonda kutoka kilomita 35 hivi chini ya kuba la Kenya hadi 20 Turkana. Anayetafuta mashapo peke yake huko ataiona namba chanya na kudhani kifaa kimeharibika.

Ripoti yako ibebe usomaji ghafi wa kila kituo, saa yake, kimo na chanzo cha kimo, densiti uliyotumia na mahali ulipoipata. Anomali iliyokwisha kokotolewa peke yake haimfai mtu, kwani atakayekuja na data bora za kimo hataweza kurudi nyuma kuirekebisha. Nakala moja iende Toulouse, kwa Bureau Gravimétrique International, wanaokusanya vipimo vya mvutano vya dunia yote na ambao ramani yao ya Afrika bado ina mapengo makubwa. Nyingine ipeleke Entebbe, kwenye idara ya serikali ya jiolojia na madini, ikiwa imechapishwa kwenye karatasi pia, na picha ya kila kituo ikionyesha mlango, nguzo au jiwe ulilosimama kando yake.